Mtoto wa muuza duka aliyetufundisha kulisoma jua

Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013 ilinikuta Kitale. Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari Bungoma, na mwisho wa juma nikipanda matatu kwenda kumjulia hali ami yangu, aliyehamia Kitale zamani akafungua duka la nguo. Siku hiyo jua lilipatwa. Kule Turkana, kaskazini yetu, mwezi ulilifunika jua lote kwa sekunde chache. Sisi Kitale tulibakiwa na kipande chembamba, mfano wa mwezi mwandamo. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja na nusu jioni. Chini ya mti wa uani, kila tundu la mwanga lililopenya kwenye majani lilichora hilali ndogo mchangani, na watoto wakawa wanakimbia kuzikanyaga.

Tulipotoka kuswali sala ya kupatwa kwa jua, ami alinivuta kando akaniuliza swali. Alitaka kujua sisi walimu tumepata wapi habari kwamba jua limeumbwa kwa haidrojeni, na ni nani aliyefika huko akachota akaja kupima. Nilimjibu kwa Kiswahili cha vitabuni, na uso wake ukaniambia kwamba sikujibu kitu. Usiku ule nilirudi kwenye vitabu vyangu, nikakutana vizuri kwa mara ya kwanza na mtu ambaye jina lake nilikuwa nikilipita tu. Mtu huyo ni Meghnad Saha. Leo nataka kumsimulia kwa watu wa kwetu, kwa sababu alizaliwa ng'ambo ya bahari hii hii yetu, na kwa sababu maisha yake yananisuta mimi binafsi.

Saha alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1893 katika kijiji cha Sheoratali, karibu na Dhaka, nchi ambayo leo ni Bangladesh na wakati huo ilikuwa sehemu ya India ya Waingereza. Baba yake, Jagannath Saha, alikuwa na kiduka kidogo cha kijijini. Watoto walikuwa wanane na Meghnad alikuwa wa tano. Katika hesabu za baba, mtoto akishajua kusoma, kuandika na kujumlisha, imetosha; aje asimame nyuma ya meza ya duka. Tusimlaumu mzee. Wangapi kwetu Lamu, Kilifi na Kwale wametolewa shule kwa hesabu hiyo hiyo?

Shule ya kati ilikuwa kijiji kingine, takriban kilomita kumi kutoka kwao. Daktari mmoja wa huko alikubali kumpa mtoto yule malazi na chakula bure, kwa masharti kwamba ataosha sahani zake mwenyewe na kumtunza ng'ombe wa nyumba. Sharti la sahani halikuwa la usafi tu. Ukoo wa Saha ulihesabiwa kuwa wa tabaka la chini, na sahani aliyolia mtu wa tabaka hilo haikuguswa na watu wa juu. Mtoto aliosha sahani, akamlisha ng'ombe, akaongoza wilaya nzima katika mtihani, akapata ufadhili wa kwenda kusoma Dhaka mjini.

Ufadhili huo haukudumu. Mwaka 1905 Waingereza waliigawanya Bengal vipande viwili na watu wakachachamaa. Gavana alipokuja kutembelea Dhaka, wanafunzi waligoma, na Saha alikuwa miongoni mwao. Akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili tu, alifukuzwa shule na kunyang'anywa ufadhili. Shule nyingine ilimpokea, akaendelea. Lakini hebu fikiri jambo hilo lingeishia pale. Tungekuwa tumempoteza nani?

Mwaka 1911 aliingia chuo cha Presidency, Calcutta. Darasa lake lilikuwa la ajabu. Mwenzake wa dawati alikuwa Satyendra Nath Bose, yule ambaye jina lake limo katika neno bosoni. Katika walimu wake walikuwamo Jagadish Chandra Bose na Prafulla Chandra Ray, wanasayansi waliojulikana mpaka Ulaya. Lakini bwenini mambo yalikuwa mengine. Baadhi ya wanafunzi wa tabaka la juu hawakutaka kula chumba kimoja naye. Kijana aliyekuwa akishindana na Bose kwa nafasi ya kwanza darasani alikula peke yake pembeni.

Nasi Pwani tusijifanye hatujui jambo hili. Tunaimba kwamba sisi ni watu wa dini na ustaarabu, lakini mtu akija kuposa tunamuuliza ni wa mlango gani, na babu yake alikuja na jahazi gani, au aliletwa. Anayekula pembeni tunaye hata kwetu, ila sisi tumemwekea kiti cha maneno.

Saha alimaliza shahada ya pili mwaka 1915, na mwaka uliofuata yeye na Bose wakachukuliwa kufundisha katika chuo kipya cha sayansi cha Calcutta. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vitabu vipya vya Wajerumani havikufika, na walichopata walikisoma kwa kubahatisha. Wawili hao walijifunza Kijerumani, wakatafsiri maandishi ya Einstein kwa Kiingereza, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1920.

Katika miaka hiyo alipata fikra kuhusu jinsi mwanga unavyoweza kuzisukuma atomu juu ya uso wa jua, akaiandikia jarida kubwa la Marekani. Jibu lilikuja kwamba makala ni ndefu, na kwamba mwandishi achangie gharama za kuchapa. Mwalimu kijana anayetuma pesa kwa wazazi na kumsomesha mdogo wake angezitoa wapi? Makala ile haikutoka kule. Alichapisha muhtasari wake katika jarida la chuo chake, ambalo nje ya Calcutta halikuwa na wasomaji wengi. Baadaye fikra kama hiyo ilipopata sifa Ulaya, jina lake halikutajwa mbele.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, ile iliyonishinda kumweleza ami.

Mwanga wa jua ukipitishwa kwenye kioo cha prizimu hugawanyika rangi kama upinde wa mvua. Ukiangalia kwa makini, ndani ya rangi hizo mna mistari mingi myembamba myeusi. Kila mstari ni alama ya atomu ya aina fulani: huu wa sodiamu, ule wa kalisi, ule wa chuma. Alama hizi zilijulikana tangu karne ya 19. Ila zilikuwa na fumbo. Jua likipatwa kabisa, kwa sekunde chache huonekana ukingo mwembamba mwekundu unaolizunguka, na katika mwanga wa ukingo huo alama za kalisi iliyopoteza elektroni moja zilionekana juu kabisa, mbali na uso wa jua. Je, huko juu, mbali na moto wa chini, ni nani anayeing'oa elektroni?

Darasani Bungoma nilikuja kulieleza hivi. Atomu ni pikipiki ya bodaboda, na elektroni ni abiria. Joto ndilo linalomshusha abiria. Akishuka stendi ya Bungoma siku ya soko, pikipiki haimalizi dakika; abiria mwingine ameshapanda. Akishuka usiku barabara ya Chwele, pikipiki inakwenda tupu mwendo mrefu, si kwa sababu kuna joto zaidi, bali kwa sababu njiani hakuna watu. Saha aliona kwamba hewa ya juu ya jua ni nyepesi mno. Elektroni ikishang'oka, atomu haikutani upesi na nyingine. Akaliandika jambo hilo kwa kanuni moja ya hesabu: ukinipa joto na mgandamizo wa gesi, nitakwambia katika kila atomu mia ni ngapi zimepoteza elektroni. Makala ilitoka mwaka 1920 katika jarida la Kiingereza. Alikuwa na miaka 26.

Kanuni nzuri ni ile inayokubali kupimwa. Saha mwenyewe ndiye aliyetoa mtihani. Alisema madini kama rubidiamu hupoteza elektroni kwa urahisi sana, na ndiyo maana alama zake hazionekani katika uso wa jua, ambao una joto la nyuzi takriban 5,500. Si kwamba hayapo; abiria wameshuka wote. Lakini madoa meusi ya jua ni ya baridi kidogo. Basi tafuteni humo. Yeye hakuwa na darubini kubwa ya kutafutia. Aliyetafuta ni Mmarekani Henry Norris Russell, katika picha za madoa zilizopigwa Mount Wilson, na alama za rubidiamu akaziona.

Kuanzia hapo mlango ulifunguka. Mwaka 1925 binti mmoja Mwingereza aliyekuwa akisoma Harvard, Cecilia Payne, alichukua kanuni ya Saha akaipitisha kwenye mamia ya picha za nyota. Hesabu zikamwambia kwamba jua na nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa kabisa, si mawe na chuma kama dunia yetu. Wakubwa hawakuamini. Russell mwenyewe alimshauri asitie mkazo, naye katika tasnifu yake akaandika kwamba karibu kwa hakika matokeo hayo si ya kweli. Mwaka 1929 Russell alifika hapo hapo kwa njia yake, akakubali. Kwa hiyo jibu la swali la ami ni hili: hakuna aliyekwenda kuchota. Mtoto wa muuza duka alitupa kanuni ya kusomea, na binti ambaye wakubwa hawakumsikiliza akasoma.

Saha alisafiri London na Berlin baada ya makala yake, akarudi Calcutta, na mwaka 1923 akahamia chuo kikuu cha Allahabad, alikokaa miaka kumi na mitano. Mwaka 1927 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Alipendekezwa mara kadhaa kwa tuzo ya Nobel na hakuipata.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo watu hulisahau, nalo ndilo linalotuhusu zaidi sisi wa mwambao. Alipozuru Marekani mwaka 1936, Saha alikuwa ameshaona kasoro ya kazi ya kila mtu, yake ikiwamo. Alama nyingi muhimu za haidrojeni na atomu nyingine hazimo katika mwanga tunaouona. Zimo katika urujuanimno, mwanga uliopita rangi ya urujuani, ambao jicho halioni na ambao gesi ya ozoni angani mwetu huuzuia usitufikie. Kwa hiyo mwaka 1937 alichapisha huko Harvard pendekezo la kupeleka vyombo juu ya tabaka hilo la ozoni, kulitazama jua kutoka huko. Wakati huo hapakuwa na roketi ya kufika. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Oktoba 1946, Wamarekani walirusha roketi ya V-2 waliyoteka kwa Wajerumani, na picha ya kwanza ya mwanga wa urujuanimno wa jua kutoka juu ya ozoni ikapatikana. Saha alikuwa hai.

Kwa nini mwanga huo una uzito hivyo? Wataalamu wa nyota hutengeneza modeli. Wanakisia joto, mgandamizo na madini ya angahewa ya nyota, wanatia kanuni kama ya Saha, na hesabu inawaambia nyota ile inapaswa kutoa mwanga kiasi gani katika kila rangi. Kisha wanalinganisha na mwanga halisi. Hakuna tofauti na muuza duka anayefunga jioni, daftari mkono huu na sanduku la pesa mkono ule.

Kwa nyota za baridi, yaani jua letu na zile nyekundu zaidi yake, daftari na sanduku vilikubaliana vyema katika mwanga wa kawaida. Kwenye urujuanimno vikagombana. Karibu na urujuani, daftari lilisema mwanga ni mwingi kuliko uliopatikana, kwa sababu mistari mingi mno ya chuma na madini mengine, iliyokuwa ikiuzuia mwanga, haikuandikwa. Ilibidi ihesabiwe kwa mamilioni. Mbali zaidi, sanduku lilikuwa na pesa kuliko daftari. Nyota ambayo uso wake haufiki nyuzi 6,000 ilikuwa ikitoa mwanga ambao hauwezi kutoka bila joto la makumi ya maelfu ya nyuzi. Chombo kiitwacho IUE, kilichorushwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Marekani, Uingereza na nchi za Ulaya na kufanya kazi mpaka 1996, kilionyesha jambo hilo katika nyota nyingi za baridi. Juu ya ngozi yao ya baridi mna blanketi la moto, kama ule ukingo mwekundu unaoonekana jua likipatwa. Kwa hiyo hata Saha hakusema yote. Huko juu hewa ni nyepesi kama alivyosema, na pia joto hupanda, jambo ambalo hakulijua mwaka 1920. Kanuni yake imebaki. Picha yake ya kwanza ya jua ikarekebishwa, tena kwa mwanga ule ule aliouomba.

Sasa njooni kwetu. Wazee wa Ngomeni na Malindi wanayakumbuka majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini katika ghuba ya Ngwana, mali ya Waitaliano. Kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, kilirushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru, cha kutazama miale ya eksirei ya angani. Na tarehe 25 Machi 1988 kikarushwa San Marco cha tano, chombo cha mwisho kuondoka pale. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha kupima mwanga wa jua, urujuanimno ukiwamo, ili kujua unavyoitikisa hewa ya juu ya dunia. Kiliungua angani Desemba mwaka huo huo. Jina la Saha halikuandikwa ubavuni mwake, lakini alichokipendekeza mwaka 1937 kilipita juu ya vichwa vya wavuvi wetu. Wangapi kati yetu tuliwaeleza watoto kilikuwa kikienda kufanya nini?

Miaka ya mwisho Saha hakukaa na nyota tu. Alirudi Calcutta mwaka 1938, akaanzisha taasisi ya fizikia ya nyuklia ambayo leo ina jina lake. Aliyaona mafuriko ya Bengal tangu ujana wake, akapigania mito ipangwe kwa sayansi, na mpango wa bonde la Damodar una alama ya mkono wake. Mwaka 1952 aligombea ubunge akashinda. Mwaka huo huo alipewa uenyekiti wa kamati ya kurekebisha kalenda, maana India ilikuwa na kalenda karibu 30, na kila mji ulisherehekea siku yake. Sisi tunaogombana kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi tunaijua kazi hiyo ni nzito kiasi gani. Tarehe 16 Februari 1956, akielekea ofisi ya Tume ya Mipango mjini Delhi, moyo ulimsimama, akaanguka njiani. Alikuwa na miaka 62. Kalenda aliyoisimamia ilianza kutumika rasmi Machi 1957, yeye akiwa hayupo.

Nilisema maisha haya yananisuta. Muhula ule wa 2013, siku chache baada ya kupatwa kwa jua, nilikuwa mwalimu wa zamu. Asubuhi nilipewa karatasi ya majina ya wasiolipa karo, nikayasoma mbele ya shule nzima kwa sauti. Katika majina hayo lilikuwamo la kijana wa kidato cha pili, ambaye wiki ile ile alikuwa ameniuliza kwa nini ukingo wa jua ni mwekundu na uso wake si mwekundu. Aliokota begi lake, akanipa mkono kwa heshima, akatoka getini. Hakurudi. Mwaka wa pili nilimkuta stendi ya Bungoma akiendesha bodaboda. Alinipeleka hadi Webuye, akakataa nauli, akaniuliza kama nilipata jibu la lile swali la ukingo. Nilikuwa nalo. Nikamweleza tukiwa tumesimama kando ya barabara, kwa mfano wa pikipiki na abiria. Alicheka sana, kisha akaondoka kutafuta abiria.

Sina hakika kwamba yule kijana angekuwa Saha. Hakuna anayeweza kuwa na hakika, na hapo ndipo uchungu ulipo. Mwaka 1905 kulikuwa na shule ya pili iliyomfungulia mtoto mlango. Mimi nilikuwa na mshahara, nilikuwa na ami mwenye duka, nilikuwa na wenzangu msikitini Kitale na jamaa zangu Mombasa wanaochanga kwa harusi bila kuulizwa mara mbili. Sikumwambia hata mmoja wao. Nilisoma majina, nikakunja karatasi, nikaingia darasani kufundisha mwanga.

Januari inakuja tena, na karatasi za majina zitaandikwa tena, kwetu na bara. Ikiwa katika mtaa wako yuko mtoto anayeulizia jua, fanya daftari lako na sanduku lako vilingane kabla hajaokota begi.